Jina Lililomo Kabatini

Jumatatu, 9 Agosti 2004

Watu wa televisheni wamefika. Saa tatu asubuhi, malori mawili, kamera nne, na mwanamke mmoja mwenye kalamu sikioni aitwaye Tamsin. Wiki nzima watatupiga picha sisi tunaopiga picha. Wanakiita kipindi cha maisha halisi. Hazikupita dakika tano Tamsin akataka turudie kuingia mlangoni, eti mara ya kwanza hatukuingia kihalisi.

Gus Terzian, bosi wetu, mwenye ghala hili na filamu zote za watu wazima zinazotengenezwa humu, amepaka nywele rangi. Shingo nayo imepata. Alitukusanya akasema jamani, tuwe kawaida. Yeye alikuwa amevaa suti. Agosti. Chatsworth, California. Joto la kukaangia yai juu ya boneti.

Lakini hilo si la kuandika. La kuandika ni hili: Vanessa anaondoka.

Alisema kwenye meza ya donati, kama mtu anayesema sukari imekwisha. Ijumaa ni siku yake ya mwisho. Anakwenda kuishi kwa dada yake, watafungua saluni. Watu wakampongeza. Mimi donati ilinikwama kooni, Gus akanipiga mgongoni mpaka miwani yangu ikaanguka. Kamera ilikuwa inatazama kwingine, bahati.

Vanessa Velour ndiye mpambaji wetu wa nyuso. Zamani aliigiza mwenyewe, filamu tisa, kisha akasema basi, akashika brashi. Miaka sita tumefanya kazi chini ya paa moja. Miaka sita nimemwambia habari za asubuhi, na akitoka, kwa heri. Katikati ya salamu hizo mbili nina mengi ya kumwambia, na sijamwambia hata moja.

Jambo moja ninalo ambalo wengine hawana. Sheria inataka kila anayeigiza athibitishe kuwa ni mtu mzima: nakala ya leseni ya udereva, tarehe ya kuzaliwa, jina la kweli. Karatasi hizo nazitunza mimi. Kabati la chuma, droo nne, ufunguo shingoni mwangu. Ndiyo maana wote wananiita Karani. Humu ndani mtu akivua nguo zote hakuna anayegeuza shingo. Lakini jina la kuzaliwa halitajwi. Kila mtu ana jina la kazini, na hilo ndilo nguo yake.

La Vanessa lipo droo ya tatu. Opal Jean Stubblefield, mzaliwa wa Kearney, Nebraska. Opal! Nyumbani nalitamka nikiosha vyombo. Hakuna mtu katika bonde letu hili zima anayelijua isipokuwa mimi, na jambo hilo limenipa joto miaka sita. Sasa halinitoshi.

Nimepata mpango. Watu wa televisheni wameweka kiti chekundu nyuma ya pazia. Unakaa, unaulizwa, unafungua moyo. Nitakaa pale nitamke mapenzi yangu mbele ya taifa. Mwanamke hawezi kumkatalia mtu mbele ya taifa. Mficha uchi hazai, na kama kuna mahali methali hiyo inafaa kutumika, ni hapa kazini kwetu.

Jumanne, 10 Agosti

Tamsin amenikatalia kiti. Alisema kwa upole kabisa, kaka yangu, usinielewe vibaya, lakini nani atakaa sebuleni kumtazama karani? Akasema watazamaji wanataka ugomvi. Nikamuuliza, ugomvi na nani? Akasema hilo ni juu yangu.

Basi nimechagua Brick Savoy.

Brick ndiye nyota wetu. Ana miaka hamsini na miwili, kwenye mabango ana thelathini na nane. Goti lake bovu, na kila asubuhi Vanessa humpaka dawa ya goti kabla ya poda. Humwita “babu”, naye humwita “nesi”. Wanacheka. Sijawahi kujua wanacheka nini. Kila nikisogea na faili langu kicheko kinakuwa kimekwisha.

Mpango: Brick hawezi kusoma bila miwani. Leo alikuwa na mistari minne, kwani tunatengeneza filamu ya wanaanga waliopotea njia, na kuta zote zimefunikwa karatasi ya kung'aa ya kufungia vyakula. Saa nne niliiweka miwani yake chini ya sanduku la taulo. Hesabu yangu: atakasirika, atapiga kelele, mimi nitamjibu, kamera zitakuja mbio, kiti kitakuwa changu.

Hakukasirika. Aliishika karatasi mbali, akaishika karibu, kisha akatangaza mbele ya kamera zote kwamba chombo chetu kimepungukiwa na “ndevu” badala ya “nguvu”. Ghala zima likaangua kicheko. Tamsin alifuta machozi. Gus akaamuru maneno yabaki hivyo hivyo. Sasa filamu nzima inahusu ndevu.

Halafu likaja lililoniumiza. Vanessa alimwonea huruma, akavuta kiti, akamsomea mistari iliyobaki, neno kwa neno, saa mbili nzima. Vichwa vyao viligusana. Mimi nilisimama na faili langu kama mwiko kwenye chungu kilichokwisha pakuliwa.

Kitu kimoja kizuri. Kila tukimaliza kupiga mahali fulani, mtu wa sauti huomba kimya cha nusu dakika ili arekodi sauti ya chumba kitupu. Hakuna kusogea. Hakuna kukohoa. Wote wanasimama pale pale walipo, waliovaa na wasiovaa, kama watu wanaongoja kusomewa dua. Leo kimya kilimkuta Vanessa mbele yangu, brashi mkononi, nywele zimemwangukia jicho, na hakuruhusiwa kuzisogeza. Nusu dakika nzima nilimtazama kihalali. Nadhani na yeye alinitazama. Kisha mtu wa sauti akasema asanteni, naye akazisogeza nywele akaenda zake.

Nimerudisha miwani ya Brick. Amenishukuru kwa kuitafuta. Amenikumbatia, mafuta yake yote yameishia kwenye shati langu.

Jumatano, 11 Agosti

Leo ni lazima niandike.

Saa tano Tamsin alinijia mwenyewe. Crystal Delmar, mwanaanga wa pili, alikuwa amechelewa, kiti kiko wazi, akanipa dakika tatu. Nikapaka mate nyusi. Nikakaa.

Akanieleza kanuni yao. Sauti ya muulizaji hufutwa, kwa hiyo unapojibu lazima urudie swali lote ndani ya jibu. Ukiulizwa umekula nini, husemi wali, unasema leo nimekula wali. Nikamwambia hiyo ni kazi rahisi kwa mtu wa makaratasi.

Akaniuliza nafanya kazi gani. Nikasema kazi ninayofanya ni ya kutunza kumbukumbu. Akaniuliza kama nina furaha. Nikasema furaha ninayo ila imefungiwa droo ya tatu. Akainua uso. Akaniuliza polepole, kuna mtu ninayempenda hapa? Nikasema mtu ninayempenda hapa ni Vanessa. Akatikisa kichwa. Akasema haijatoka moyoni, niseme kama mtu anayemjua kweli, jibu kamili.

Jibu kamili. Miaka kumi na tatu kazi yangu imekuwa kujaza fomu kikamilifu.

Nikavuta pumzi nikasema: “Mtu ninayempenda hapa ni Opal Jean Stubblefield, wa Kearney, Nebraska, aliyezaliwa tarehe nne Machi mwaka elfu moja mia tisa sitini na moja.”

Nilijisikia mwepesi. Kwa muda wa pumzi mbili hivi nilikuwa mtu mwenye raha kuliko wote California.

Kumbe watu wa televisheni walikuwa wameweka runinga ndogo kwenye chumba cha mapambo ili wakubwa wao wafuatilie. Runinga yenye sauti. Sauti ya juu. Nilipotoka nyuma ya pazia wote walikuwa wamekwisha sikia. Brick alikuwa katikati ya chumba bila hata soksi, na aliponiona alichukua taulo akajifunika uso. Uso! Crystal alikuwa amewasili, akageuka akatazama ukuta. Watu wa umri wangu, waliozoea kila kitu, waliona haya kama waliofumania.

Vanessa alikuwa ameketi. Poda ilikuwa imemwagika mapajani. Hakulia, hakufoka. Aliniuliza jambo moja tu, kwa sauti ndogo: nilikuwa najua siku zote? Nikamwambia ndiyo, kwa fahari kidogo, tangu siku ya kwanza. Akatikisa kichwa taratibu, akaanza kuzoa poda.

Nimemwaga mtama penye kuku wengi. Lakini labda anahitaji muda tu. Wanawake hupenda kujulikana.

Alhamisi, 12 Agosti

Hakuhitaji muda.

Asubuhi Gus aliniita ofisini. Aliniambia, Karani, mimi nimewahi kufanya kazi na walevi, waongo, na mtu mmoja aliyeleta mbuni. Hakuna aliyewahi kunifanyia hivi. Akasema watu hawa wamejibakizia kitu kimoja tu cha kuficha, na kitu hicho wamenikabidhi mimi. Rangi ya nywele ilikuwa inamtiririka kwa jasho, sikuthubutu kumwambia.

Wote wamepita kabatini leo kuvuta droo waone kama limefungwa. Crystal alinitazama machoni akaniuliza kama nalijua jina lake la kweli. Nikasema silikumbuki. Anaitwa Ruth. Nimewahi hata kumwombea kwa jina hilo, alipofanyiwa upasuaji.

Vanessa amempaka poda kila mtu. Waigizaji, watu wa kamera, hata dereva wa lori ambaye hatatokea popote. Akifika kwangu anapita kama anapita nguzo.

Brick ndiye aliyenieleza. Alinivuta kando, akaniambia bila hasira, na hilo liliuma zaidi. Baba yake Vanessa yu hai, ana miaka themanini na moja, alikuwa mpiga kinanda wa kanisa kule kwao. Anaamini binti yake huwapaka poda watangazaji wa hali ya hewa. Kila jioni hutazama televisheni akisema huyu leo kapakwa vizuri, bila shaka ni mkono wa Opal. Kipindi kikionyeshwa na jina lile, mzee atasikia. Brick akasema, “Rafiki yangu, sisi sote hapa tuna mzee wa namna hiyo mahali fulani.”

Nilikaa chooni nikalia. Naandika hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Miaka sita nimelitunza jina lile kama yai, na nimelivunja kwa jibu kamili.

Kisha nikapata mpango.

Wakati wa chakula cha mchana watu wa televisheni walikwenda wote kwenye gari linalouza vyapati vya taco. Nikaingia kwenye lori lao. Rafu nzima ya kaseti. Moja imeandikwa “Kiti, Jumatano”. Nikaiweka ndani ya suruali. Nilipotoka nikamwona Tamsin anakuja na sahani yake, nikaingiwa na kiwewe, nikaitumbukiza kaseti ndani ya birika kubwa la kahawa nikafunika. Nikasimama kando yake nikipiga mluzi.

Saa nane Gus alikunywa kikombe, akasema kahawa ya leo ina ladha ya redio.

Nikaona sasa ndio wakati. Nikamwendea Vanessa nikamwambia asiwe na hofu, nimeimaliza ile kaseti, jina lake halitatoka kamwe. Nilitarajia machozi. Aliishusha brashi. Akaniambia, “Karani, mimi sijasaini.”

Sikumwelewa. Akanieleza kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Televisheni haiwezi kumwonyesha mtu wala kumtaja kama hajasaini karatasi ya ridhaa. Yeye hajasaini, hana nia ya kusaini, na amekwisha mwambia Tamsin asubuhi. Karatasi yake iko tupu. Aliniuliza kama najua iko wapi.

Iko mezani kwangu. Trei ya kushoto. Niliipanga mwenyewe Jumatatu, kwa herufi.

Isitoshe, kaseti niliyoichemsha ilikuwa na maungamo ya Gus kuhusu marehemu mama yake, dakika arobaini, ambayo Tamsin aliyaita dhahabu ya wiki. Yangu ilikuwa kwenye kaseti ya pili. Gus amejaribu kurudia. Ameketi kitini tangu saa kumi, wamemletea kitunguu, machozi hayaji.

Ijumaa, 13 Agosti

Keki ya Vanessa iliandikwa “Kwa heri Nesi”. Brick aliikata. Alipompa kipande alimbusu paji la uso, akalia hadharani, mtu mkubwa vile, na kamera zote nne zikamkimbilia. Mimi sikupewa kipande. Nilijikatia.

Saa kumi na moja nilimwona nje akipakia gari. Masanduku manne ya brashi, kiti cha kukunja, kioo kilichozungushiwa blanketi. Nikambebea kioo. Hakunikataza. Jua lilikuwa linapiga lami mpaka viatu vinanata.

Nikamwomba radhi. Safari hii bila mpango, maneno yalitoka yenyewe na hayakuwa mazuri. Akanisikiliza. Kisha akasema jambo ambalo nimekuwa nikilirudia kichwani tangu saa ile, na nitaliandika kama alivyolisema.

“Kilichoniuma si kwamba ulilisema. Kilichoniuma ni kwamba hukuniuliza. Miaka sita unanitazama. Ungeniuliza jina langu mwaka wa kwanza, ningekwambia. Nilikuwa nangoja uniulize.”

Alikuwa anangoja. Mimi niko upande huu na ufunguo shingoni, yeye yuko upande ule anangoja, na kati yetu ni meza ya donati tu. Nilitamani ardhi ipasuke. Nilitamani ile nusu dakika ya kimya, mtu yeyote aiombe, tusimame tu.

Yeye ndiye aliyeuliza. Alisema na mimi je, jina langu hasa nani, maana miaka sita ananiita Karani, ataondokaje bila kujua. Alikuwa anatabasamu kidogo. Nywele zilikuwa zimemwangukia jicho.

Nikamwambia: “Dash Marlowe.”

Ni jina nililojichagulia mwaka wa tisini na moja, kwa ajili ya siku nitakapoingia kwenye filamu. Halijatumika. Leseni yangu inasema Norbert Lasky. Lakini mwanamke kama yule, wakati kama ule, unampa Norbert?

Tabasamu likaondoka. Akasema, haya, Dash.

Akafunga buti la gari. Akafungua mlango. Kabla hajaingia aliniuliza kama kuna kitu chochote nataka kumwuliza. Chochote. Alisimama pale mkono juu ya mlango uliokuwa moto kama pasi, na hakuuondoa.

Nikamwambia hapana, hakuna, aende salama.

Nilisema vile kwa ujanja. Wakati wa chakula cha mchana nilikuwa nimefungua droo ya tatu. Kila mfanyakazi ana kadi ya mtu wa kupigiwa simu akipatwa na jambo. Dada yake anaitwa Pearl, anakaa Coos Bay, Oregon. Nilikuwa na namba na anwani kwenye soksi. Nimwulize nini?

Aliondoka polepole sana. Kwenye makutano taa ilikuwa ya kijani, naye alisimama. Nadhani alikuwa anatafuta kituo kwenye redio.

Jumatano, 18 Agosti

Ghala limepoa. Watu wa televisheni wameondoka. Mpambaji mpya anampaka Brick dawa ya goti bila kucheka. Kwenye meza ya donati kuna nafasi ambayo watu wanaizunguka bila kujua. Nimemkosa Opal kila saa, hata zile saa ambazo hakuwa akifika kazini.

Lakini nimeshajirekebisha. Kosa langu, nimeliona, lilikuwa haraka. Mpango mpya ni wa utaratibu. Nitakwenda Oregon kama mteja wa kawaida wa saluni. Nitakaa kitini. Atanigeuza kwenye kioo, atanikuta ni mimi. Mshangao! Hatakuwa na la kufanya.

Leo saa sita nilipiga namba ile niweke miadi. Nilibana pua kubadili sauti. Akapokea yeye. Yeye mwenyewe! Nusura nikate.

Nikasema nataka kunyolewa. Nina upara tangu mwaka wa tisini na sita, lakini kwenye simu hauonekani. Akaniuliza, jina nani? Nikasema Rex Holloway. Nikasikia kalamu inaandika. Kisha ikaacha.

Akaniuliza kwa upole namba hii nimeipata wapi. Nikasema kwenye kitabu cha simu. Akasema saluni haijafunguliwa, haina hata jina bado, na hii ni simu ya nyumbani kwa dada yake.

Nikanyamaza. Na yeye akanyamaza. Hakukata. Nilimsikia anapumua, na nyuma yake mtu anaburuta kiti, na ndege wa baharini. Ilikuwa zaidi ya nusu dakika. Kisha akasema, taratibu, kwamba kama Bwana Holloway ana kitu anataka kuuliza, yeye bado yuko kwenye simu.

Nikakata.

Nina hakika hakunitambua. Nitapiga tena Jumatatu, kwa jina lingine.